Namna ya Kuingia Chuo Kikuu Ukipitia Remera: Mwongozo kwa Kila Aina ya Mwombaji

Kila matokeo ya mtihani wa taifa wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yakitangazwa, Remera hubadilika. Kuanzia Giporoso, ukizunguka Uwanja wa Amahoro, hadi Kisimenti, kila penye mashine ya fotokopi huota foleni ya vijana wenye bahasha za kaki. Wameshafaulu. Wameshapigiwa vigelegele nyumbani. Sasa wanakabili mtihani wa pili, ambao hakuna mwalimu aliyewafundisha: kuomba chuo.

Mtihani huu wa pili hauwapimi watu sawasawa. Mwenye dada aliyesoma chuo kikuu Huye hujaza fomu sebuleni kwao, dada kakaa pembeni anamwambia, "Hapo usiguse, hapa andika kama ilivyo kwenye kitambulisho." Asiye na dada wa aina hiyo humlipa mtu asiyemjua amchagulie kozi atakayoisoma miaka mitatu au minne. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya asiye na dada. Utamtania msomaji njiani, maana waombaji wana vituko vyao, lakini kila agizo lililomo ni la kufuatwa.

Kwanza: jua mlango uko wapi

Remera ni umurenge (kata) wa wilaya ya Gasabo, jijini Kigali, na watu wengi wa mikoani wanaujua kwa sababu mbili: uwanja wa mpira na KIE. Uwanja bado upo, tena umekarabatiwa na kufunguliwa upya Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. KIE haipo. Chuo hicho cha ualimu kilianzishwa 1999, na mwaka 2013 kikaunganishwa na taasisi nyingine sita za umma, ikiwemo ile ya Butare iliyoanza 1963, zikawa Chuo Kikuu cha Rwanda. Majengo ya Remera leo ni ya wanafunzi wa tiba na sayansi za afya. Ualimu umehamia Rukara, wilayani Kayonza.

Kwa hiyo kijana aliyeambiwa na mjomba wake "shuka Remera, uliza KIE, wakupe nafasi ya ualimu" atashuka, atauliza, na atajikuta katikati ya vijana waliovaa makoti meupe. Mjomba hakudanganya, ila ramani yake ni ya zamani. Mshukuru mjomba, kisha panda basi la kwenda mashariki. Hupita hapo hapo Giporoso.

Afadhali zaidi, usipande chochote. Maombi ya Chuo Kikuu cha Rwanda hujazwa mtandaoni, na vyuo vingi vya binafsi navyo vimefuata njia hiyo. Askari wa getini hana fomu. Hana orodha ya waliochaguliwa. Hamjui mkuu wa chuo kwa jina la nyumbani. Usimbembeleze, usimpe hela ya chai, usimwachie bahasha yako. Ana kazi ya kulinda geti, naye anaifanya vizuri.

Kabla ya kutoa hata faranga moja kwa chuo cha binafsi, tazama kama kimo katika orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na HEC, Baraza la Elimu ya Juu. Tazama pia kama kozi unayoitaka nayo imeidhinishwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake mpya ikawa bado. Mwaka 2020 serikali ilivifunga UNIK ya Ngoma, CHUR na Indangaburezi ya Ruhango, na wanafunzi wakabaki wakitafuta pa kuhamishia masomo waliyokwisha kuyalipia. Bango kubwa la barabarani si idhini. Basi lenye nembo ya chuo si idhini. Idhini ni jina kwenye orodha.

Pili: majina yako yakubaliane

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua kitambulisho chako, ripoti zako za shule na cheti cha S6, viweke mezani sambamba, usome majina herufi kwa herufi kama mtu anayesahihisha mtihani wa mwenzake. Kitambulisho kinasema Jean Marie Vianney. Cheti kinasema J.M.V. Ripoti ya S5 inasema Jean M. Viane, kwa sababu karani wa shule siku hiyo alikuwa na haraka. Wewe unajua hao wote ni mtu mmoja. Mama yako anajua. Kompyuta haijui, na haijawahi kukaa na mama yako.

Wanyarwanda wengi hawana jina la ukoo linalorithiwa: baba ana lake, mtoto ana lake. Fomu hudai "jina la familia" na "jina la kwanza". Kanuni ni moja: jina la Kinyarwanda liandike sehemu kitambulisho kilipoliweka, na jina la ubatizo vivyo hivyo. Usiongeze jina la baba ili upendeze. Usiondoe jina la ubatizo kwa sababu umeacha kwenda kanisani.

Ndugu kutoka Goma na Bukavu ana mzigo zaidi, kwa kuwa vyeti vya Kongo vina jina, "postnom" na "prénom", navyo ni vitatu katika fomu yenye visanduku viwili. Majina mawili ya mwanzo yaweke pamoja katika kisanduku cha jina la familia kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, na usiubadilishe tena katika fomu yoyote nyingine maishani mwako. Mtanzania na Mkenya wenye majina matatu nao wafuate pasipoti, si jina wanaloitwa mtaani.

Ukikuta makosa, yarekebishe sasa. Marekebisho ya cheti huchukua muda, na muda huo unao leo. Siku ya mwisho ya maombi hutakuwa nao.

Jambo dogo la mwisho hapa: baruapepe. Ile uliyofungua ukiwa S2, yenye jina la mshambuliaji wa Arsenal na tarakimu nne ambazo huzikumbuki, ipumzishe. Fungua mpya yenye jina lako, andika nenosiri kwenye daftari, na daftari libaki nyumbani. Barua ya kukubaliwa itakuja kwenye anwani hiyo. Ukitumia ya mtu wa sekretaria, yaani kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, itamfikia yeye.

Tatu: jitafute katika orodha hii

Mhitimu mpya wa S6. Sharti la msingi la kusoma shahada nchini ni kufaulu angalau masomo makuu mawili ya mchepuo wako. Hilo ni sharti la kuruhusiwa kubisha hodi. Kuna jingine la kufunguliwa. Nafasi za tiba, kwa mfano, ni chache, na wanaozitaka wote wana alama nzuri, kwa hiyo anayeingia hupatikana kwa kushindanishwa na wenzake wa mwaka huo.

Sasa sikiliza, wewe wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), ambaye ukoo mzima umekuita Daktari tangu S4 na shangazi tayari anakuonyesha goti linalomuuma. Kuomba udaktari ni haki yako, uombe. Lakini ukijaza udaktari chaguo la kwanza, udaktari wa meno la pili na famasia la tatu, umejipanga mara tatu katika foleni ya watu wale wale. Chaguo la pili na la tatu si mapambo. Weka hapo kozi ambayo alama zako zinaitosha na ambayo ungeamka asubuhi kuisoma: maabara, uuguzi, afya ya jamii, lishe. Shangazi atatibiwa goti, na wewe utakuwa na kazi.

Wewe wa EKK, uliyesoma Kiingereza, Kinyarwanda na Kiswahili, na kila mtu anakuuliza "sasa utakula nini?", kaa wima. Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, nchi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na lugha rasmi inahitaji walimu, wakalimani na waandishi. Kwako Rukara ni mlango ulio wazi.

Mtoto wa TVET, yaani shule ya ufundi. Umemaliza A2, cheti cha sekondari, ya ujenzi, umeme au upishi, na umesikia tangu utotoni kwamba chuo ni cha waliosoma michepuo ya jumla. Umeambiwa vibaya. Rwanda Polytechnic ilianzishwa 2017 kuviunganisha vyuo vya ufundi vya IPRC, na IPRC Kigali iko Kicukiro, safari fupi ya moto (teksi ya pikipiki) kutoka Remera. Kutoka A2 unakwenda A1, yaani stashahada, na kutoka A1 kuna njia ya kupanda hadi shahada, yaani A0. Ukiingia na A2 ya umeme, omba kozi inayotambua ule umeme. Usikimbilie shahada ya biashara katika chuo chochote kinachokubali kila mtu, eti kwa sababu binamu yako atavaa joho mwaka mmoja kabla yako. Joho huvaliwa saa tatu. Ufundi unakulisha miaka arobaini.

Aliyevuka mpaka. Wewe una kazi ya ziada, na kazi hiyo ina jina: ulinganifu wa cheti. Cheti cha sekondari kutoka nje hulinganishwa na NESA, mamlaka ya mitihani iliyoundwa 2020. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya REB, Bodi ya Elimu ya Rwanda. Shahada kutoka nje hulinganishwa na HEC. Watu huchanganya ofisi hizi mbili, wakapanga foleni nusu siku kwenye ile isiyo yao. Sekondari ni NESA, chuo ni HEC. Yaandike mkononi kwa kalamu ukitaka.

Ulinganifu unahitajika kwa sababu mifumo haifanani. Mrwanda husoma miaka 6 ya msingi, 3 na 3 ya sekondari, jumla 12. Mganda na Mtanzania wa kidato cha sita wamesoma miaka 13, na nchini mwao nako masomo makuu mawili ndiyo kizingiti. Mkenya wa 8-4-4 ametoka kidato cha nne na KCSE yenye masomo mengi, bila masomo makuu kama ya S6. Kwao C+ ndiyo daraja la kuingilia shahada. Mkongomani ana "Diplôme d'État" yenye asilimia. Basi Mkenya asishangae akiulizwa "mchepuo wako ni upi?", na Mkongomani mwenye 62% asimcheke Mrwanda aliyeleta herufi. Kila mmoja amepimwa kwa kipimo cha kwao, na karatasi ya ulinganifu ndiyo inayovisemesha vipimo hivyo lugha moja.

Kwa ndugu wa Kongo kuna jambo moja zaidi. Cheti chenyewe kutoka Kinshasa huchelewa, mara nyingine miaka. Usikingoje ukiwa umekaa. Uliza mapema kama hati ya kufaulu na "bulletins" za shule zinapokelewa kwa muda, na jibu ulipate kwa maandishi. Tena, tangu 2008 Rwanda imekuwa ikihamia Kiingereza katika kufundishia. Uliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura utakutana na mihadhara ya Kiingereza. Ukiona chuo kina kozi ya lugha kabla ya mwaka wa kwanza, ichukue bila kuona haya. Kujivuna kwamba "nitaelewa tu" kumewapotezea wenzako mwaka mzima.

Mkimbizi. Wewe uliyekulia kambi ya Kiziba au ya Mahama, usikubali mtu akuambie kwamba chuo si chako. Kitambulisho chako cha mkimbizi ni hati, kiambatishe. Ufadhili wa DAFI, unaoendeshwa na UNHCR na serikali ya Ujerumani, umekuwa ukisomesha wakimbizi tangu 1992, na programu ya elimu ya juu ya Kepler ilianza kufundisha ndani ya kambi ya Kiziba mwaka 2015. Nafasi ni chache na tarehe zake hazifuati za vyuo, kwa hiyo ulizia kambini mwanzo wa mwaka, kabla ya matokeo kutoka. Kama vyeti vilibaki nyumba iliyoungua, sema hivyo tangu siku ya kwanza na uombe kuelekezwa. Karani anaweza kulisaidia tatizo alilolisikia. Lile ulilolificha litamfikia likiwa limechelewa.

Aliyerudi baada ya miaka. Ulimaliza S6, ukaajiriwa, ukazaa, ukajenga, na sasa bosi mpya ana umri wa mtoto wako wa kwanza. Karibu. Cheti chako bado kina nguvu, alama hazichachi. Kama kimepotea, shughulikia nakala mbadala kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayokuchelewesha kuliko kitu kingine chochote. Kisha tafuta masomo ya jioni, nayo yapo tele Kigali. Soma ratiba kabla ya kusoma ada. AUCA, chuo cha Waadventista chenye kampasi Gishushu, hakifundishi Jumamosi. Kwa mwenye duka lenye wateja wa Jumamosi hiyo ni neema. Uliza chuo kingine kinafundisha siku gani, linganisha na zamu zako, kisha amua. Na ukiingia darasani, kaa mbele. Vijana watakuita mama au mzee. Itika, kisha waombe daftari la jana.

Anayehama chuo. Leta matokeo ya kila muhula yenye muhuri, na leta maelezo ya kila somo: lilifundisha nini, kwa saa ngapi, kwa krediti ngapi. Chuo kipya hakihesabu miaka uliyokaa kwenye benchi, kinahesabu masomo yanayofanana na yake. Uliza kabla ya kulipa: krediti zangu ngapi mnazitambua? Jibu likiwa "njoo tu, tutaona", usilipe. Subiri waone kwanza.

Mwenye ulemavu. Fomu ikiwa na mahali pa kulitaja hilo, litaje. Ikiwa haina, andika barua siku hiyo hiyo. Ngazi bila njia ya kiti, mtihani bila braille, mhadhara bila mkalimani wa ishara: hayo hutatuliwa kabla muhula haujaanza, na mwenye wajibu wa kuyatatua ni chuo. Huombi hisani.

Wa uzamili. Wewe una shahada, kwa hiyo unadhani mwongozo huu haukuhusu. Unakuhusu. Utadaiwa cheti cha A0, matokeo kamili, wasifu, mara nyingi pendekezo la utafiti, na wadhamini wawili watakaokuandikia barua. Kuhusu wadhamini: yule mhadhiri uliyemsalimia mara mbili mwaka 2016 hakukumbuki. Mwandikie kwanza, mkumbushe tasnifu yako ilihusu nini, muulize kama yuko tayari, mpe wiki mbili. Mwombaji anayeandika jina la mtu bila kumwambia humfanya mtu huyo aanze barua kwa "Simfahamu vizuri", na hapo safari imekwisha.

Nne: kiti cha sekretaria

Nenda mchana wowote kwenye vibanda vya huduma vya Kisimenti wakati wa maombi. Kuna kompyuta moja, skana moja, bango la Irembo (huduma za serikali mtandaoni), kalenda ya mwaka jana, na kijana mmoja anayejua kuchapa kwa vidole vyote kumi. Mazungumzo huwa hivi:

"Yaya, unijazie tu."

"Mdogo wangu, nijaze nini? Unataka kusoma nini?"

"Yenye iko na nafasi."

"Sasa mimi nitajuaje yenye iko na nafasi? Nikuwekee akaunti?"

"Weka hiyo. Ni pesa ngapi?"

Kwa sekunde arobaini maisha yamepangwa. Huyu mtu wa kompyuta hana kosa. Amelipwa kuchapa, na amechapa. Kosa ni kumkabidhi uamuzi pamoja na bahasha.

Basi fika pale ukiwa umeshajaza kwenye karatasi: kozi tatu kwa mpangilio, majina, tarehe, namba ya kitambulisho. Yeye achape, wewe kaa kando yake ukisoma kila mstari kwenye skrini. Usisimame nje ukipokea simu. Skani ziwe za rangi, zimenyooka, zinasomeka muhuri, kila hati faili lake na jina lake. Picha ya pasipoti isiwe ile ya harusini uliyokatwa ukabakiwa na bega la bi harusi. Fomu ikitumwa, omba namba ya maombi na uipige picha kwa simu yako. Kabla hujaondoka, toka kwenye akaunti, kwa sababu mteja anayekufuata atakaa kwenye kiti hicho hicho.

Nakala zinazotakiwa kuthibitishwa zipeleke kwa noteri, naye yupo hata ofisini kwa umurenge. Nenda na hati halisi mkononi. Noteri hulinganisha nakala na asili, hathibitishi kumbukumbu zako. Usiende Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, kwa kuwa watu wako Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, nawe ulipaswa kuwa huko. Usichague pia siku Amavubi, timu ya taifa, wanapocheza Amahoro: barabara hufungwa, moto hupandisha bei, na hasira yote ya msongamano utaimalizia kwa karani asiye na hatia.

Na tafadhali, siku ya mwisho iachie dharura. Mtandao hulemewa siku ya mwisho kwa sababu nyote mliosema "bado kuna muda" mmefika kwa pamoja. Jiwekee tarehe yako ya mwisho wiki moja kabla ya ile ya chuo.

Tano: pesa, na ukweli wake

Ada ya maombi kwa kawaida hairudi. Ilipe kwa njia iliyoandikwa na chuo chenyewe, soma jina la mpokeaji kwenye MoMo kabla hujabonyeza, tunza ujumbe. Likitokea jina la mtu binafsi badala ya chuo, acha. Kama kuna anayekuahidi nafasi kwa malipo ya pembeni, hana nafasi hiyo. Ana simu tu.

Kupata nafasi katika chuo cha umma na kupata mkopo wa serikali ni mambo mawili, na kila moja lina maombi yake. Mkopo husimamiwa na benki ya maendeleo, BRD, na unasaini mkataba. Watu huuita buruse, wakausahau siku ya mahafali. Utalipwa: ukiajiriwa, mwajiri hukata sehemu ya mshahara. Soma mkataba kabla ya kusaini, pamoja na mzazi, mezani, redio ikiwa imezimwa.

Kwa chuo cha binafsi, usiulize "ada ni kiasi gani kwa muhula?" Uliza jumla hadi siku ya kuvaa joho: usajili, mitihani, maktaba, mafunzo kwa vitendo, kutetea tasnifu, mahafali. Yaandike, yajumlishe, ongeza chumba na chakula. Kama jumla haiwezekani, ni heri kujua leo kuliko mwaka wa tatu, ukiwa umebakiza muhula mmoja na huwezi kupewa matokeo kwa sababu ya deni.

Sita: maneno mawili kwa wazazi

Baba, mama: mmefanya kazi kubwa. Mmeuza ng'ombe, mmeingia kwenye vikundi vya akiba, mmelala mapema ili taa ibaki kwa mwanafunzi. Mna haki ya kuuliza maswali yote. Ulizeni kama chuo kimeidhinishwa, gharama nzima ni ngapi, wahitimu wanafanya kazi gani. Lakini kozi mwacheni mtoto aitaje mwenyewe, kisha mjadiliane. Mtoto aliyesukumwa katika uhandisi kwa sababu mtoto wa jirani ni mhandisi hurudi nyumbani mwaka wa pili na alama ambazo hamtazionyesha kwa jirani huyo.

Saba: barua imekuja

Ikija, isome yote kabla ya kuiweka kwenye hali ya WhatsApp. Tazama kozi uliyopewa ni ile uliyoomba, kampasi ni ipi, siku ya kujisajili ni lini, hati halisi zipi zinatakiwa. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kampasi mikoa mbalimbali. Wapo waliofurahia nafasi ya Kigali wakakuta wamepangiwa Huye au Busogo. Wote walisomea vizuri huko, ila waliosoma barua walifika na godoro.

Isipokuja, tafuta sababu. Kama ni hati iliyokosekana, irekebishe usubiri awamu nyingine. Vyuo vingi vya binafsi hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kama ni alama, A1 ni njia halali ya kufika A0, na wapo wengi walioipita.

Nane: zamu ya vyuo

Hadi hapa maagizo yote yamemwendea mwombaji. Yapo ya vyuo na wizara pia, nayo ni mepesi kutekelezwa.

Masharti ya kuingia huandikwa zaidi kwa Kiingereza cha ofisini, yakawekwa ndani ya faili refu, kurasa kadhaa chini ya ujumbe wa makaribisho. Yaandikwe kwa ukurasa mmoja kwa kila aina ya mwombaji: wa S6, wa TVET, wa nje, mkimbizi, anayehama, wa uzamili. Yaandikwe kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ambazo zote ni lugha rasmi za nchi hii, ili mzazi anayeuza nyanya sokoni Kimironko ayasome mwenyewe. Gharama itajwe nzima. Iwekwe namba ya simu inayopokelewa na mtu aliyeruhusiwa kujibu. Na karatasi hiyo ibandikwe katika kila shule ya sekondari miezi sita kabla ya mtihani, ukutani, pale wanafunzi wanapopanga foleni ya chakula.

Kijana aliyefaulu mtihani wa taifa ameshatimiza upande wake. Akikosa chuo, iwe ni kwa sababu wenzake walimzidi alama, isiwe ni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba J.M.V. na Jean Marie Vianney ni lazima wawe mtu mmoja.